Asilimia 2 ya Utafiti, na Mashine Iliyofunikwa Turubai

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ambayo Kenya iliipitisha mwaka 2013 ilianzisha Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti, na kuagiza kwamba Hazina iutengee asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa fedha. Ni kiwango kikubwa, kwani lengo la Umoja wa Afrika kwa wanachama wake ni asilimia 1. Mimi ni mhandisi wa vifaa vya ujenzi, na kila bajeti inaposomwa mwezi Juni hulitafuta fungu hilo. Sijaliona likikaribia asilimia 2 hata mara moja.

Sababu yake ni kwamba sheria ya namna hii hutoa idhini tu, ilhali fedha hutoka katika bajeti ambayo Bunge huipitisha mwaka baada ya mwaka. Marekani nayo iliyapitia hayo: sheria yake ya mwaka 2007 ya kukuza sayansi na ushindani ilianzisha ARPA-E, shirika la utafiti wa nishati, ambalo lilikaa bila fedha mpaka mwaka 2009, lilipopewa dola milioni 400 katika mpango wa kufufua uchumi.

Hata fedha zikitoka, nauliza zinaelekezwa wapi. Katika maabara moja niliyofanyia kazi kulikuwa na mashine ya kuvuta nondo mpaka ikatike, ili ijulikane inahimili uzito gani. Kihisi chake, yaani sehemu inayopima nguvu ya mvuto, kilipoharibika, mashine ilifunikwa turubai kwa miezi kumi na minne, kwa kuwa bajeti ilikuwa na fungu la kununua mashine mpya lakini haikuwa na fungu la kutengeneza iliyopo. Wenye viwanda walilazimika kupeleka vipande vya nondo nje ya nchi, wakasubiri vyeti kwa majuma kadhaa, na gharama hiyo wakaipandisha kwenye bei, huku mshindani wao wa nchi jirani akipimiwa nondo zake mjini kwake.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kila ununuzi wa kifaa cha maabara uandamane, kwa mujibu wa sheria, na fungu la matengenezo na la mishahara ya mafundi. Kihisi kipya kilipowasili hatimaye, fundi pekee aliyeijua mashine ile alikuwa amekwisha kustaafu.