Je, wajua rangi ya ua ilisafirije kwenda Ulaya kabla ya kamera?

Chuma ua la asumini asubuhi, libane katikati ya kurasa za kitabu kizito, kisha lifungue baada ya wiki. Umbo utalikuta: petali zipo, kikonyo kipo, ukitaka kuhesabu utahesabu. Weupe ndio hutauona. Mahali pake pana kitu cha rangi ya chai iliyolala. Kilua nacho, lile ua la manukato linalotiwa kwenye vikuba, vishada vya kunukia wanavyojipamba navyo wanawake, kitaishia hivyo hivyo. (Kwa kuwa tumekitaja: wataalamu wa mimea waliupa mti wake jina la kisayansi Mkilua fragrans. Hawakuhangaika na Kilatini kwa neno la kwanza, walichukua Kiswahili kama kilivyo.)

Sababu haina maajabu. Ua likichumwa seli zake huanza kufa, na vilivyokuwa vimetengwa ndani yake huchanganyika na kukutana na hewa. Ni yaleyale yanayoipata ndizi iliyomenywa ikaachwa mezani. Rangi nyingi za wekundu, zambarau na buluu zimeyeyuka ndani ya utomvu wa seli, na utomvu ukivurugika nazo huvurugika. Kijani cha majani hustahimili kidogo zaidi, ila hufifia mpaka kikawa kama nyasi za kiangazi.

Sasa fikiria mtaalamu wa mimea aliyekaa London au Amsterdam katika karne ya 18. Merikebu imetia nanga, masanduku yamefunguliwa, ndani mna maelfu ya mimea mikavu kutoka nchi za joto. Maumbo yote anayo mbele yake. Je, ua hili lilikuwa jekundu au la manjano? Mmea wenyewe hausemi tena. Upigaji picha ulitangazwa mwaka 1839, na picha za rangi ambazo mtu wa kawaida angeweza kupiga zilingoja hadi karne ya 20. Mpaka hapo, rangi ilipaswa kubebwa na mchoraji, tena kwa haraka, maana katika joto la tropiki ua lililokatwa halimngoji mtu.

Njia iliyo dhahiri ni kuchora palepale. Maria Sibylla Merian, mzaliwa wa Frankfurt, aliifuata njia hiyo mwaka 1699 akiwa na umri wa miaka 52, alipopanda meli kwenda Suriname, koloni la Waholanzi huko Amerika ya Kusini, pamoja na binti yake mdogo Dorothea. Kilichompeleka hasa ni wadudu: alitaka kuona kiwavi anavyogeuka kipepeo juu ya mmea anaoula. Viwavi walimfunza somo lilelile la maua, kwamba ukiwakausha hawafanani tena na walivyokuwa hai. Basi akagawa kazi. Visivyohifadhika alivipaka rangi hukohuko juu ya vipande vya ngozi laini. Vinavyohifadhika, kama vipepeo, alivibeba hadi Amsterdam akavimalizia kwa utulivu. Joto na ugonjwa vilimrudisha mwaka 1701 kabla ya wakati aliopanga, na kitabu chake chenye mabamba 60, yaani picha zilizochapwa kwa bamba la shaba, kikatoka mwaka 1705.

Tusimpite Merian bila kutaja bamba moja. Lina kile kichaka chenye maua mekundu yaliyotiwa manjano pembezoni, ambacho leo kinapandwa kwenye bustani nyingi za mijini huku kwetu, Caesalpinia pulcherrima. Pembeni mwa uzuri huo aliandika kwamba wanawake waliokuwa watumwa wa Waholanzi walitumia mbegu zake kutoa mimba, wasizae watoto wa kuja kuteswa kama wao, na kwamba wao wenyewe ndio waliomwambia. Wasafiri wengi wa zama zile waliandika majina ya mimea bila kusema waliyapata kwa nani. Huyu walau alisema.

Kuchora palepale kunataka muda, na muda ndio uliomkosesha raha Sydney Parkinson. Kijana huyu wa Edinburgh aliajiriwa na tajiri Joseph Banks kuchora mimea katika safari ya meli Endeavour ya nahodha James Cook, iliyoanza mwaka 1768. Huko Tahiti, Banks aliandika katika shajara yake, nzi walikuwa wengi kiasi kwamba walikula rangi juu ya karatasi kwa kasi ileile ya mchoraji kuzipaka. Hilo lilikuwa usumbufu. Balaa lenyewe lilikuja Australia mwaka 1770, pale mahali ambapo hatimaye paliitwa Botany Bay kwa wingi wa mimea iliyochumwa. Banks na mwenzake Daniel Solander walirudi melini na mafungu juu ya mafungu, wakati mchoraji ni mmoja. Kwa siku 14 Parkinson alichora michoro 94.

Aliwezaje? Aliacha kumaliza. Alichora umbo la tawi zima kwa penseli, akapaka rangi jani moja, pengine na ua moja na kipande cha shina, akaacha mengine meupe. Nyuma ya karatasi aliandika maneno machache kuhusu rangi, kisha akashika mmea mwingine. Ukiitazama michoro hiyo leo unaweza kudhani ni kazi ya mtu mvivu. Hapana, alikuwa akiweka akiba: jani moja lenye rangi sahihi linatosha kumwambia mtu majani mengine hamsini yaweje, na mtu huyo alitarajia awe yeye mwenyewe, nyumbani, akiwa na nafasi. Hakufika. Meli ilipita Batavia, mji unaoitwa leo Jakarta, na kuhara damu kukawafagia mabaharia. Parkinson alifariki baharini Januari 1771. Banks aliajiri wachoraji wengine London wakamalizia kwa kufuata lile jani moja na yale maneno ya nyuma, na mabamba ya shaba zaidi ya 700 yakachongwa. Banks akafa mwaka 1820 bila kuyachapisha. Yalikuja kuchapwa yote kwa rangi kati ya mwaka 1980 na 1990.

Udhaifu wa njia ya Parkinson ulikuwa katika yale maneno. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunaujua udhaifu huo vizuri. Lugha yetu ina rangi tatu tu zinazosimama kwa miguu yake, nyeusi, nyeupe na nyekundu. Nyingine tumeziazima kwenye vitu: kijani kwa jani, kijivu kwa majivu, zambarau kwa tunda lake, na ile nyekundu nzito tukaiita damu ya mzee. Ni majina matamu, lakini mwambie fundi apake ukuta zambarau uone utakachopata. Zambarau bichi au lililoiva? Waingereza walikuwa na shida ileile, ndiyo maana mwaka 1814 mchoraji Patrick Syme alitoa kitabu kilichoipa kila rangi jina na kuilinganisha na mnyama, mmea na madini. Mwanasayansi Charles Darwin alikibeba katika safari yake ya meli Beagle.

Kwangu mimi, aliyelitatua jambo hili kwa akili kuliko wote ni Ferdinand Bauer, Mwaustria aliyezaliwa mwaka 1760. Bauer aliacha kubishana na maneno, akatumia namba. Alijiwekea orodha ya rangi, kila rangi, iliyokolea au iliyofifia, na namba yake. Akikutana na ua porini alilichora kwa penseli tupu, kisha akajaza namba juu ya kila sehemu: hapa petali inapoanza, hapa inapokolea, hapa mshipa, hapa vumbi la chavua. Hakuna maji wala brashi, na nzi hawana cha kula. Ujanja huo aliutumia Ugiriki kuanzia mwaka 1786 akiwa na mtaalamu wa Oxford John Sibthorp. Alipoondoka na nahodha Matthew Flinders kwenda Australia mwaka 1801, namba zake zilikuwa zimepanda hadi karibu 1,000.

Karibu 1,000! Jaribu kutenganisha vijani kumi tofauti kwa macho yako, kisha vikumbuke kesho. Bauer alirudi Uingereza mwaka 1805 na michoro takriban 2,000 ya penseli, na kwa miaka iliyofuata alikaa akizigeuza namba kuwa rangi, ua moja baada ya jingine, mimea yenyewe ikiwa upande wa pili wa dunia. Jedwali moja la rangi 140 linalohusishwa na ujana wake lipo Madrid. La Australia halijawahi kuonekana, na wapo wanaoamini sehemu kubwa alikuwa nayo kichwani. Biashara haikumwendea vizuri, kwani alichapisha mabamba 15 tu kuanzia mwaka 1813, aliyoyachonga kwa mkono wake, na wanunuzi walikuwa wachache.

Na huku kwetu? Mwaka 1860 John Hanning Speke na James Augustus Grant walitoka Unguja, wakavuka hadi Bagamoyo, wakapita Tabora kuelekea kwenye chanzo cha Nile. Grant ndiye aliyeshughulika na mimea. Alichora, aliandika, na alipougua mguu akabaki miezi kadhaa Karagwe kwa mfalme Rumanika huku Speke akitangulia Buganda. Mimea iliyokaushwa ilisafiri mabegani mwa wapagazi, mwendo wa miguu, wakiwemo watu wa Sidi Mubarak Bombay, msaidizi wa Speke safarini, na ni hao waliozikinga karatasi zile na mvua mpaka zikafika. Huko Uingereza kazi ilikabidhiwa Walter Hood Fitch, mchoraji aliyefanya kazi miaka mingi na bustani ya mimea ya Kew, London, akachora mabamba 136. Mchoraji wa namna hii hulainisha ua kavu kwa maji ya moto, likafunguka kidogo, akahesabu sehemu zake. Umbo hurudi. Rangi hairudi, na hapo hutegemea alichoandika aliyeuona mmea ukiwa hai.

Ua la Usambara lilikwepa usumbufu wote huo. Ofisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilikuta kwenye milima yetu na kulipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland akalieleza kisayansi akiwa na mimea hai mbele ya macho. Wakaliita Saintpaulia. Leo limejaa madirishani Ulaya, na hakuna aliyehitaji kuandika namba yoyote juu ya petali zake.

Rangi ikishafika na kuchorwa, bado kulikuwa na kuichapa. Bamba la shaba lilitoa mistari myeusi, kisha watu wenye brashi, wengi wao wasiojulikana majina, walijaza kila nakala kwa mkono wakitazama moja ya mfano. Jarida la mimea lililoanzishwa na William Curtis mwaka 1787 liliendelea kupakwa hivyo hadi mwaka 1948, wakati kamera za rangi zilikuwa tayari zinauzwa. Rangi zile nazo hazikuwa za kudumu zote. Kijani mara nyingi kilikuwa buluu na manjano zilizochanganywa, na manjano ikififia kwa mwanga, jani hubaki buluu kama halijawahi kuota popote duniani. Nyeupe iliyotengenezwa kwa risasi nayo huweza kugeuka nyeusi.

Michoro ya safarini ya Bauer imehifadhiwa Vienna. Penseli haina rangi ya kupoteza, na namba bado zinasomeka.