Kuhamia Malindi na Watoto: Dhana Potofu Kuhusu Mitaa na Shule

"Nitafutie nyumba katika mtaa wa maana, ili watoto wapate shule nzuri." Ombi hili nimelisikia mara nyingi mno kutoka kwa wazazi wanaohamia Malindi wakitokea Nairobi, Mombasa au ng'ambo, na sasa nimeona heri nilijibu kwa maandishi. Kazi yangu ni kupangisha nyumba, na ingenilipa zaidi kuitikia, kuwaonyesha nyumba ya kodi kubwa, kupokea ada yangu na kunyamaza. Siwezi kufanya hivyo, kwa sababu wazazi hao hao hunirudia katikati ya muhula wakitaka kuhama tena, na wakati huo mtoto ameshachoka, ameshachelewa mara kadhaa, na ameshaanza kuichukia shule ambayo kwa hakika haina kosa lolote.

Dhana iliyo nyuma ya ombi hilo ni kwamba anwani ndiyo humpa mtoto nafasi katika shule fulani, na kwamba mtaa ukiwa ghali basi na shule zake zitakuwa bora. Fikra hii ina kwao. Marekani, mtoto hupangiwa shule ya umma kwa kufuata anapoishi, na sehemu kubwa ya fedha za shule hutokana na kodi ya mali ya eneo husika. Uingereza, umbali kati ya nyumba na shule ni mojawapo ya vigezo vinavyotumika kugawa nafasi. Aliyeishi huko, au aliyeshauriwa na ndugu anayeishi huko, huja hapa akiamini kwamba kodi ya nyumba ni sehemu ya karo.

Kenya haina utaratibu huo. Shule za umma hupangiwa fedha na serikali kuu kwa hesabu ya wanafunzi: Sh1,420 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi, Sh15,042 kwa wa sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi ya 9) na Sh22,244 kwa wa sekondari. Kiwango hicho hakibadiliki, mtoto akiishi mtaa ghali wa Casuarina au Ganda, kijiji cha nje ya mji. Chekechea, yaani PP1 na PP2, ziko mikononi mwa kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule kumbagua mtoto anayetafuta nafasi, na inakataza shule ya umma kumpa mtihani wa kumchuja, isipokuwa ule wa kubaini darasa linalomfaa. Kinachoweza kumzuia mtoto wako ni darasa lililojaa, na darasa lililojaa halipunguzwi na bwawa la kuogelea lililo nyuma ya nyumba yako.

Tazama mitaa yenyewe. Nyumba nyingi za Casuarina na za ufuo wa kusini zilijengwa kwa ajili ya wageni na wenye kuja likizo, na msimu wa utalii unapolala, mwezi wa Mei na Juni, nyingi hufungwa na kubaki na walinzi. Mtaa usio na watoto kwa miezi kadhaa ya mwaka hauwezi kuwa kitovu cha shule. Shule za umma zimekaa palipo na watu, na ndiyo sababu Barani na Muyeye zina shule zinazobeba majina ya mitaa hiyo. Mzazi anayekwepa mitaa hiyo kwa sababu ya sura ya nyumba zake anajiongezea safari, halafu anashangaa kwa nini mtoto wake analala darasani.

Safari hiyo ndiyo jambo ninalolipigania. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinataka masomo ya shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi na kumalizika saa tisa na nusu alasiri. Simama karibu na lango la shule yoyote mjini saa moja na robo asubuhi, uzitazame bodaboda zinazowasili. Mtoto wa mbele amekaa juu ya tangi la mafuta akiwa amekumbatia mkoba kifuani, wawili wamebanwa nyuma ya dereva, na wa mwisho ameshika chuma cha kubebea mizigo kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshika chupa ya maji. Hakuna aliyevaa kofia ya usalama. Sheria ya barabarani inamruhusu dereva abiria mmoja tu. Wazazi wa watoto hao si wazembe. Wamepanga mbali, tuktuk ya kila siku imewashinda, na bodaboda ndiyo iliyobaki.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu: shule kwanza, njia ya pili, nyumba ya tatu. Ukishapata shule mbili au tatu unazoziamini, tafuta nyumba ambayo mtoto anaweza kuondoka hapo kwa miguu na kufika bila kuvuka barabara kuu ya Mombasa na Malindi, kwa sababu malori na matatu za barabara ile hazimsubiri mtoto wa Gredi ya 2. Kwa watoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3, dakika ishirini za kutembea ni mwisho kwa maoni yangu. Wanaovutiwa na kodi nafuu za ng'ambo ya Mto Sabaki wakumbuke kwamba kila safari ya kuja mjini itapita kwenye daraja moja, kwenda na kurudi, siku tano kwa wiki.

Kabla ya kutia sahihi mkataba, itembee njia hiyo na mtoto mwenyewe, siku ya kazi, saa kumi na mbili na nusu alfajiri, akiwa na mkoba wake mgongoni. Ramani ya simu haitakuonyesha mahali ambapo maji hutuama mvua za masika zikianza. Ukihamia Desemba, waulize wenye maduka ya njiani maji hukaa wapi mwezi wa Mei na watoto hupitia wapi wakati huo. Watakujibu bila kusita, kwa sababu wao ndio huwaona watoto wakivua viatu. Nimelisema hili kwa wateja wengi, na bado wengi huniletea picha za vigae vya jikoni wakitaka maoni yangu.

Shule yenyewe utaijuaje? Omba kuona daftari la hisabati la mtoto aliyekaa safu ya katikati, wala si lile ambalo mwalimu mkuu ameliweka tayari ofisini. Angalia tarehe. Angalia kama kosa limesahihishwa na mtoto akalirudia chini yake, au limepigwa mkasi tu na kuachwa. Nimewahi kulifungua daftari lenye wino mwekundu hadi wiki ya tatu ya muhula, kisha kurasa nyeupe za kazi ambayo hakuna mtu mzima aliyeitazama, na hii ilikuwa shule yenye lango zuri kupita zote za eneo lile. Baada ya hapo nenda vyooni, ufungue mfereji. Maji ya mji huu hutoka kwenye visima vya Baricho, na yanapokatika, shule isiyo na tangi la kutosha huwarudishia wazazi tatizo hilo nyumbani kwa njia ya homa za matumbo.

Dhana ya pili kwa uzito ni ile ya wastani wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Wazazi huja na orodha walizotumiwa kwenye simu, wakitaka nyumba karibu na shule yenye wastani wa juu, ingawa wizara ilitangaza kuacha kuzipanga shule kwa nafasi mwaka 2014. Wastani ni jumla ya alama za watahiniwa, kuanzia 12 za A hadi 1 ya E, ikigawanywa kwa idadi yao. Unaeleza matokeo ya waliofanya mtihani, lakini haukuambii waliingia shuleni wakiwa na alama gani. Shule iliyowapokea wanafunzi waliofaulu sana na ikawatoa na wastani wa 7 huenda imefanya kazi ndogo kuliko ile ya kutwa iliyowapokea watoto wote wa jirani, wenye alama hafifu, na ikawafikisha 5. Uliza wangapi waliingia Kidato cha Kwanza na wangapi walifika kwenye mtihani. Shule ambayo wanafunzi wake hupungua kila mwaka ina jambo la kueleza.

Hata hivyo, kuna sababu kubwa zaidi ya kuliacha jambo hilo. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa mara ya mwisho 2023, na wanafunzi walioingia Kidato cha Kwanza 2024 ndio wa mwisho wa mfumo wa zamani wa elimu, ule wa 8-4-4, watakaofanya mtihani wao 2027. Mzazi mwenye mtoto wa Gredi ya 4 anayechagua mtaa kwa wastani wa KCSE anachagua kwa mtihani ambao mwanawe hatapewa kamwe.

Linalofuatana na hilo ni kuamini kwamba mtoto akifika Gredi ya 7 lazima familia isogee karibu na shule ya sekondari. Tangu Januari 2023, sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, imekaa ndani ya shule za msingi. Unachopaswa kuuliza hapo ni kama kuna mwalimu wa kila somo, hasa hisabati na sayansi, na kama kuna chumba ambamo majaribio ya sayansi hufanyika kweli. Sekondari pevu ilianza Januari 2026 kwa kundi la kwanza la Gredi ya 10, na wanafunzi hupangiwa shule kwa kuzingatia matokeo yao na chaguo zao katika njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Shule nyingine hazifundishi njia zote tatu, na mtoto wako huenda akapangiwa shule ya bweni mbali na pwani. Kununua ploti leo kwa sababu ya sekondari iliyo jirani, hali mtoto yuko PP2, ni kutumia akiba ya familia kwa jambo ambalo hulidhibiti.

Kwamba shule ya kibinafsi ni bora kuliko ya umma si kweli kwa jumla yake. Zipo nzuri sana, na zipo zinazobadilisha walimu kila muhula. Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ya 2012 inamtaka kila mwalimu asajiliwe, awe wa umma au wa kibinafsi. Uliza kama walimu wote wamesajiliwa, na mwalimu wa darasa amekaa hapo muda gani. Jibu la swali la pili lina thamani kuliko rangi ya basi.

Familia za Kiislamu zinazotoka bara husahau chuo, yaani madrasa. Kwa watoto wengi hapa siku haimalizikii shuleni, kwani alasiri kuna Qur'ani, na kukiwa na umbali wa shule upande mmoja na wa chuo upande mwingine, mtoto hurudi nyumbani usiku umeingia. Pima njia zote mbili.

La mwisho ni la makaratasi. Wazazi hudhani kumhamisha mtoto ni kumpeleka tu na sare mpya. Mtoto ana namba yake ya utambulisho (UPI) katika mfumo wa wizara, na shule mliyotoka isipomwachilia humo, shule mpya haiwezi kumsajili ipasavyo, na mgao wake wa serikali hubaki kule kule. Shughulikieni hilo kabla ya shule kufungwa mwisho wa muhula wa tatu, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa, kwa sababu Desemba ofisi ya mwalimu mkuu huwa imefungwa.