Kabla ya kusema umesikia Mirihi

Faili nyingi zinazozungushwa kwenye WhatsApp hapa Goma kwa jina la "sauti ya Zohali" hazikuwahi kuwa sauti. Ni mawimbi ya redio yaliyoteremshwa mpaka sikio liyapate. Chombo cha Cassini kilinasa mawimbi ya Zohali yenye mamia ya kilohezi (kilohezi moja ni mitikisiko elfu kwa sekunde), na sikio la mtu, hata la kijana, huishia karibu na 20. Sisemi ni uongo. Nasema tu kwamba kabla hujamaliza mega zako kupakua, ujue kilichonasa ni nini: maikrofoni, antena au kipimo cha shinikizo la hewa.

Maikrofoni za kweli ni chache. Venera 13 na 14 za Wasovieti zilikuwa nazo kwenye Zuhura mwaka 1982, na Huygens ilishuka Titan, mwezi wa Zohali, na yake tarehe 14 Januari 2005. Hazina yenyewe ni gari la NASA la Perseverance, lililotua Mirihi tarehe 18 Februari 2021 likiwa na maikrofoni mbili.

Hewa ya huko ni nyembamba mno. Goma, tukiwa mita 1,500 hivi juu ya bahari, tuna shinikizo la takriban hektopaskali 850. Bondeni Jezero, gari lilipotua, ni karibu 7. Tena ni kaboni dayoksaidi, nayo humeza sauti za juu. Kasi ya sauti ilipimwa kwa leza: gari hupiga jiwe, umbali unajulikana, kisha unahesabiwa muda wa mlio kufika. Jiwe la mita 3 huchukua kama sekunde 0.012. Matokeo yake ni ya ajabu: chini ya 240 Hz (mitikisiko 240 kwa sekunde) sauti hukimbia mita 240 kwa sekunde, juu ya hapo mita 250. Kwaya ikiimba kule, soprano ingetangulia besi, ingawa baada ya hatua chache ingekuwa imeshamezwa.

Zoezi zuri ni helikopta ndogo ya Ingenuity, iliyorekodiwa tarehe 30 Aprili 2021 gari likiwa limeegeshwa mita 80 kutoka iliporukia. Mabawa yalizunguka mara 2,537 kwa dakika. Gawa kwa 60 upate 42.3, zidisha kwa 2 kwa sababu kila rota ina mabawa mawili: karibu 84 Hz. Mvumo huo ndio unaoutafuta.

Wengi hawausikii, na kosa si la faili. Spika ya simu haiwezi kutoa besi hiyo kwa nguvu. Vaa spika za masikioni zinazoziba vizuri. Halafu kuna jenereta ya jirani. Injini ya silinda moja na mipigo minne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika hulipuka mara 25 kwa sekunde, na milio yake ya ziada huangukia 50, 75 na 100 Hz, kushoto na kulia kwa 84. Utaapa umesikia Mirihi, kumbe ni petroli ya jirani. Kwa hiyo liamini jicho. Fungua faili ya WAV, si MP3 iliyokwisha kupunguzwa, kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti. Geuza wimbi liwe spektrogramu, yaani picha ya frikwensi kadiri muda unavyokwenda, kikomo cha juu 500 Hz. Kwa faili ya sampuli 48,000 kwa sekunde, dirisha (idadi ya sampuli zinazopimwa kwa pamoja) la 2048 hutenganisha hatua za 23 Hz tu, na mstari unakuwa tope. Weka 16384, hatua zinashuka hadi 3 hivi, na mstari wa 84 unasimama. Jenereta haimo kwenye faili, basi haitaonekana.

InSight, chombo kingine kilichotua Mirihi, haikuwa na maikrofoni. Upepo wake wa Desemba 2018 ulitoka kwenye kipimo cha mitetemo ya ardhi na kipimo cha shinikizo. Nakala moja ya mitetemo imepandishwa oktava mbili, yaani frikwensi mara nne: irudishe kwa kasi ya 0.25, ukitumia kifaa kinachobadilisha kasi pamoja na kimo cha sauti. Kile cha mwendo peke yake hakitakusaidia. Nakala ya shinikizo iliharakishwa mara 100, na ukiirudisha sikio halitapata kitu.

Chombo cha Voyager 1, kilicho mbali kupita sayari zote, ni kinyume. Mlio wake wa Aprili na Mei 2013 ni antena iliyonasa mtikisiko wa elektroni, lakini frikwensi yake, 2.6 kHz, ni ileile ya asili. Kilichobanwa ni majuma tu. Gawa 2.6 kwa 8.98, namba isiyobadilika inayounganisha frikwensi hiyo na wingi wa elektroni, zidisha jibu kwa lenyewe: elektroni 0.08 kwa kila sentimita ya ujazo, ushahidi kwamba chombo kiko nje ya kiputo cha upepo wa Jua. Ukiuteremsha oktava mbili kwa mazoea ya InSight, utasoma 0.65 kHz, yaani 0.005, na utakuwa umekirudisha chombo karibu na hali ya ndani ya kiputo, ambako ni kama 0.002.