Proje imeisha, sasa tupime nini? Kasapa, kasho za kwetu na vijana wanaorudi ku avenue

Kila mara proje inafika mwisho hapa Lubumbashi tunaitwa mu sale ya hoteli, kuna projekta, kuna chupa za sikre, mtu anasimama anasoma karatasi: vijana kadhaa walipata formasio, bamama kadhaa walipewa mashine za kushona, ba-opeji (polisi wenye kuchunguza kesi) kadhaa walifundishwa haki za mshtakiwa. Makofi, picha ya pamoja, tunarudi nyumbani. Mi ni mtu wa kriminolojia, kazi yangu njo hiyo ya kupima mambo kama haya, na naomba tuambiane ukweli: ile karatasi yote inahesabu vitu proje ilifanya, haisemi hata neno moja juu ya kitu kilichobadilika. Ni sawa na kusema batoto wameshiba kwa kuwa unga umeisha mu mfuko.

Tuanze na Kasapa, gereza kubwa ya hapa Lubumbashi, maana sijui familia gani huku kwetu haina mtu mwenye alipita kule, ao jirani yake. Gereza ile ilijengwa kwa watu kama 800. Mwisho wa Septemba 2020, wakati wafungwa waliipindua ndani kwa siku tatu, wakachoma sehemu ya wanawake na wanawake wakabakwa kwa makumi, mulikuwa karibu watu 2,000. Gereza ya Makala, ya Kinshasa, ni mbaya zaidi, ilijengwa kwa 1,500 na mu 2024 ilikuwa inabeba zaidi ya 12,000, na ule usiku wa kuamkia 2 Septemba serikali yenyewe ilihesabu wafu 129. Kisha kila msiba kama huo dawa ni ileile, kuachilia watu. Walifanya 2020 wakati wa korona, walifanya 2024, televizio ikaonyesha watu wanatoka na mifuko yao kichwani, na raporti ikaandikwa kwamba reforme inaendelea vizuri.

Mi sipingi kuachilia watu, hapana, mwenye alitoka hai mu Makala ametoka hai. Lakini mtu wa evaliasio anauliza swali lingine: kisha miezi sita gereza iko na watu ngapi? Sababu watu wanaingia kila siku, kutoka parke (ofisi ya waendesha mashtaka), kutoka kasho (vyumba vya kufungia watu) za polisi, na kama kule wanakotoka hakuna kilichoguswa basi nafasi ya mwenye alitoka inajazwa na mwingine kabla hata majirani hawajamaliza kumpa pole. Walio wengi mu magereza yetu hawajahukumiwa bado. Njo maana kupima reforme kwa hesabu ya waliotoka peke yake ni kupima mlango mmoja wa nyumba yenye milango miwili.

Na sheria iko, tusijidanganye. Katiba ya 2006, artikle ya 17 inasema uhuru njo kanuni na kufungwa ni jambo la kipekee, ya 18 inasema mtu akikamatwa kasho haipite saa 48, kisha hapo aachiliwe ao apelekwe mbele ya wakubwa wa sheria. Kodi, yaani kitabu cha sheria, ya mwenendo wa kesi za jinai ni ya 1959, iko na miaka mingi kuliko wengi wetu, na inasema juji akikubali mtu abaki ndani kabla ya kesi, ile ordonansi ya kwanza ni ya siku 15, kisha inaongezwa mwezi kwa mwezi. Hata sheria mpya ya magereza tulipata, ya 2023. Kwa hiyo mtu akikwambia reforme imefaulu kwa sababu sheria imepigiwa kura, mwambie asante, halafu umuulize tarehe.

Tarehe, ndiyo. Mi ningepewa kitu kimoja tu cha kupima ningechukua tarehe tatu za kila mtu: siku alikamatwa, siku aliona juji mara ya kwanza, siku alihukumiwa. Tatu tu. Ukizipata kwa watu mia mbili waliochaguliwa kwa kura mu rejista (hapana wale mia mbili wenye dirketa wa gereza amekuletea), unawapanga mu mstari kutoka mwenye alingoja siku chache hadi mwenye alingoja siku nyingi, unamuangalia mwenye kusimama katikati. Ukipiga hesabu ya kawaida ya kujumlisha na kugawa, mtu mmoja aliyesahauliwa miaka sita atakuvurugia yote, lakini huyo wa katikati anakuonyesha mtu wa kawaida anangoja muda gani. Yule wa miaka sita unamuandika pembeni na jina lake, sababu yeye si statistiki, ni dosie ya kupeleka parke leo hii.

Shida ni rejista zenyewe. Mtu anaitwa Kalonda ku polisi, ku parke anakuwa Kalunda, ku gereza wameandika jina la baba yake, na kitabu kimelowa mvua ya Januari. Mutanisamehe lakini nafikiri pesa ya seminere moja ya hoteli, ikiwekwa mu vitabu vizuri na karani moja mwenye kulipwa kila mwezi, ingesaidia zaidi. Na pesa zenyewe nazo zipimwe: Septemba 2025 Korti ya Kasasio ilimhukumu aliyekuwa ministre wa haki, Constant Mutamba, miaka 3 ya kazi za nguvu kwa ajili ya pesa ya kujenga gereza ku Kisangani, dola milioni 19 hivi. Tupite.

Sasa proje za mu kartie, za vijana, za wenye kutoka gereza. Hapa kazi ni ngumu zaidi, sababu kijana anaweza kubadilika hata bila proje, ameoa, amezeeka kidogo, amepata kazi ku karyere, na proje inakuja kuchukua sifa. Dawa yake ni kulinganisha na wale wenye hawakupata. Watu wanaona haya, wanasema ni kuwabagua, lakini mara nyingi pesa haitoshi wote na lazima uchague, basi kwa nini usichague kwa kura mbele ya watu wote? Hiyo ilifanyika hapahapa kwetu. Tuungane, proje kubwa ya pesa ya Uingereza iliyoanza 2007, ilifanyika mu Katanga, Maniema na Kivu ya Kusini, vijiji vilichaguliwa kwa kura ya wazi, watu walijenga mashule, wakachagua makomite, wakafundishwa kusimamia mali ya wote. Kisha watafiti wakafanya kitu cha ujanja, wakapeleka dola 1,000 mu vijiji 560, vya proje na visivyo vya proje, wakakaa wanaangalia pesa itagawanywa namna gani na nani ataitolea hesabu. Tofauti haikuonekana. Vijiji vyenye mafunzo ya miaka na vijiji visivyo na chochote vilifanya karibu sawasawa. Ungeenda kuhoji vijiji vya proje peke yake ungerudi na shukrani tupu, na kweli mashule yalijengwa, lakini kile proje iliahidi, kubadilisha namna watu wanajitawala, hakikuonekana.

Wakati mwingine inakuwa mbaya kuliko sifuri. Nasikia mara mingi watu wazuri kabisa, mapadri, wazazi, wanasema tuchukue hawa batoto wakorofi wa Katuba na Kenya, komini za hapa Lubumbashi, tuwapeleke kutembelea Kasapa waone, wataogopa. Marekani walifanya hivyo tangu miaka ya 1970, vijana wanaingizwa gerezani, wafungwa wa maisha wanawapigia makelele, kila mtu alipenda. Baadaye walipolinganisha vizuri, kundi lililopelekwa na kundi lisilopelekwa, waliopelekwa njo walifanya makosa zaidi. Woga ulipita, labda walibaki na hadithi ya kujisifu nayo mbele ya wenzao, sijui, lakini hesabu ilikuwa hiyo na ilirudia mara kadhaa. Basi tuache.

Mfano wenye unanipa moyo ni wa Monrovia, Liberia, mji wenye ulipita mu vita kama sisi. Wanaume 999 wa barabarani, wezi, wauza dawa, wengine walishika bunduki, waligawanywa kwa kura: wengine walipata wiki nane za kukaa mu kikundi wakijifunza kutuliza hasira na kujiona watu wa namna nyingine, wengine dola 200, wengine vyote viwili, wengine hapana. Waongozaji hawakuwa madokta, wengine wao zamani walikuwa wapiganaji. Kisha mwaka moja wa pesa peke yake walikuwa wamerudi palepale. Waliopata vyote viwili, miaka kumi baadaye, miaka kumi mi nasema, makosa yao yalikuwa chini karibu nusu. Sisemi tuibebe hivyo tuiweke ku komini yetu ya Ruashi. Nasema kuna watu walirudi kuuliza kisha miaka kumi, wakati huku proje ikipakia kompyuta mu Land Cruiser hakuna mwenye kurudi hata kisha mwaka.

Kitu kingine chenye kinadanganya ni hesabu ya malalamiko. Tuseme mu kartie polisi wamefundishwa kupokea wanawake waliobakwa, kuna chumba chenye mlango, kuna mwanamke wa kusikiliza. Mwaka ule kesi zinaongezeka mara mbili na gazeti linaandika ubakaji umepanda. Inawezekana uovu ni uleule, ila zamani familia zilikuwa zinakaa chini zinalipana mbuzi na pesa, binti ananyamaza, japo sheria za Julai 2006 zinataka kesi ile ihukumiwe. Kwa hiyo hesabu ikipanda mwaka wa kwanza usifurahi na usilie, nenda uliza nyumba kwa nyumba: walioguswa, ni wangapi walienda kushitaki?

Na uulize pia mwizi akikamatwa saa nane ya usiku, watu wanafanya nini. Wanaita polisi ao wanatafuta pine na petroli? Kwangu hicho ni kipimo kizito kuliko seminere zote, sababu mwenye kuchoma mtu ameshaamua kwamba parke itamuachilia kesho kwa pesa.

Tukianza kazi ya tarehe tatu hatutaanza ku grefe (ofisi ya rejista). Tutaanza ku mlango wa Kasapa, kwa bamama wenye kuleta bukari (ugali) ili mtoto asile vungure, chakula cha gereza, peke yake. Wao hawana rejista, lakini muulize yeyote pale, atakwambia siku mwanawe alikamatwa, kesi imesogezwa mara ngapi, na kila mara ilisogezwa kwa sababu gani.