Ukienda Ziwa Ngozi na maporomoko ya Rungwe, jina lako libaki getini

Masika yakishakatika na njia za msituni zikaanza kukauka, vijana wa vyuo vya Mbeya, familia za Tukuyu na wageni wa mbali huanza kumiminika Ziwa Ngozi, Mlima Rungwe na maporomoko ya wilaya hii. Karibuni sana. Ila pamoja na wageni huja malalamiko, na mengi yanafanana: kwa nini kuna malipo ya kwenda kutazama ziwa tu, kwa nini askari wa uhifadhi alimrudisha mtu aliyefika saa kumi jioni, kwa nini mkazi wa jirani aandikwe daftarini kama mgeni. Sisi wa ofisi ya hifadhi tunaona ni vema tuyajibu kwa maandishi, maana majibu ya getini, watu wakiwa na haraka na mvua ikinyesha, hayaeleweki vizuri.

Tuanze na kibali, kwa kuwa ndicho kinachogombewa. Ziwa Ngozi limo ndani ya msitu wa hifadhi wa safu ya Poroto. Mlima Rungwe nao, wenye kilele cha mita 2,961, ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu mwaka 2009, yenye ukubwa wa hekta 13,652. Sheria ya Misitu, Sura 323, inamtaka mtu anayeingia msitu wa hifadhi kwa ajili ya utalii au kupiga kambi awe na kibali. Sheria haijamtenga aliyezaliwa Isongole na aliyetoka Dar es Salaam. Tofauti ipo kwenye kiwango cha malipo, ambapo Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, na viwango vimewekwa wazi.

Malipo yote ya Serikali hupitia namba ya kumbukumbu ya malipo. Unapewa namba hiyo, unalipa kwa simu au benki, ujumbe wa kuthibitisha unaingia, unaandikiwa kibali. Fedha taslimu hazipokelewi mkononi, awe ni askari, mwongoza wageni au kijana aliyekukuta barabarani na pikipiki akakwambia yeye ni wa msitu. Umeombwa fedha mkononi? Usitoe, na utoe taarifa ofisi ya misitu ya wilaya. Aliyelipa nje ya utaratibu huhesabika hajalipa, hata kama fedha zimemtoka kweli, na hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia.

Lakini kinachotusumbua zaidi si fedha. Ni daftari. Mtu akipita getini tunaandika jina lake, namba ya simu, saa aliyoingia, njia anayokwenda na idadi ya watu alio nao. Akitoka, jina linawekewa alama. Jioni mtunza geti hupitisha kidole juu ya orodha, mstari kwa mstari. Jina lisilo na alama maana yake ni mtu aliye bado msituni, na hapo simu huanza kupigwa na askari huvaa makoti. Ndiyo njia tuliyo nayo ya kujua kwamba kuna mtu wa kutafutwa na pa kuanzia kumtafuta. Sasa fikiria aliyepenya kwa njia ya nyuma, kupitia mashamba ya viazi, ili kukwepa malipo. Akiteguka kifundo cha mguu saa tisa alasiri upande wa pili wa ukingo wa juu unaolizunguka ziwa, kwetu mtu huyo hayupo. Hakuna atakayemtafuta hadi ndugu zake wapige simu kesho yake, na usiku wa Poroto mwezi wa saba, kwa mtu aliyelowa, ni hatari ya kufa kwa baridi.

Ndiyo maana pia saa kumi jioni tunamrudisha mtu. Kupanda hadi ukingo wa Ngozi kunataka kama saa nzima au zaidi kwa mtu wa kawaida, na sehemu ya mwisho ina mwinuko mkali wenye mizizi na tope. Chini ya mianzi na miti mikubwa giza huingia mapema kuliko barabarani, na ukungu ukishuka, mwanga wa simu hauonyeshi zaidi ya hatua chache. Aliyefika saa kumi atashuka gizani. Kumrudisha si kumnyima haki yake.

Ngozi hakuna maporomoko

Wageni wengi huuliza maporomoko ya Ngozi yako upande gani. Hayapo. Ngozi ni ziwa la kasoko, yaani shimo la volkano, lenye urefu wa kilomita 2.5 hivi na kina cha zaidi ya mita 70, na halina mto unaotoka juu ya ardhi. Unafika ukingoni, ziwa unaliona chini yako karibu mita 200, limezungukwa na msitu pande zote. Hakuna ngazi ya kushukia. Vijinjia vinavyoonekana kuteremka kwa kushikilia mizizi si njia za wageni, na waongoza wageni wameelekezwa wasimpeleke mtu huko hata akiwaongezea fedha.

Tuelewane kuhusu sababu, kwa sababu wapo wanaodhani ni ukali tu. Kwanza, kuta zile ni udongo wa majivu ya volkano juu ya mwamba. Mzizi unaoushika leo unaweza kung'oka kesho baada ya mvua. Pili, eneo hili lote bado lina joto la volkano chini yake. Mlima Kyejo, kusini mwa Rungwe, ulilipuka mara ya mwisho takriban mwaka 1800, na gesi ya kaboni daioksaidi inayotoka ardhini huko Busokelo huvunwa na kuuzwa kwa viwanda vya vinywaji. Gesi hiyohiyo hutoka ardhini pia katika eneo la Ngozi. Haina rangi wala harufu ya kukuonya, ni nzito kuliko hewa, na hutuama mabondeni na kwenye mashimo pasipo na upepo. Ukikuta ndege au panya wamekufa kwenye kibonde bila jeraha, usiiname kuwatazama. Panda juu haraka. Tatu, maji yenyewe yana chumvi inayotokana na maji moto ya chini ya ardhi, kwa hiyo wanaoshuka na chupa wakitaraji maji ya kunywa wanajisumbua bure.

Wapo wanaoshuka kwa ajili ya dawa na matambiko. Wazee wa Kisafwa na Kinyakyusa wameliheshimu ziwa hili tangu kabla ya idara yoyote ya misitu, na heshima hiyo imesaidia msitu kubaki msitu. Wenye haja hiyo waje ofisini tupange nao. Hatuwakatazi imani yao.

Maporomoko yako kwenye mito ya chini. Kaporogwe, yenye pango nyuma ya maji, iko kusini mwa Tukuyu, na kibali chako cha Ngozi hakikuingizi huko. Utaandikishwa na kulipa kwa utaratibu wa eneo lile. Kwenye mto Kiwira kuna Daraja la Mungu, tao la mwamba lililojengwa na lava, na Kijungu, ambapo mto mzima unajibana na kuzunguka ndani ya mwamba. Njia ya huko inapita eneo la Magereza. Simama, jieleze, na usipige picha za majengo yao.

Rungwe ni miongoni mwa wilaya zenye mvua nyingi kabisa nchini, na mlima ni chanzo cha maji yanayoingia Kiwira na Mbaka hadi Ziwa Nyasa. Hili linapaswa kumkaa kichwani kila anayesimama kwenye mawe ya kijito. "Lakini kulikuwa na jua!" Tumelisikia sana. Jua la Tukuyu halikuambii lolote kuhusu mvua iliyonyesha kileleni saa moja iliyopita. Miteremko ni mikali na vijito ni vifupi, hivyo maji hushuka kwa mkupuo. Dalili ziko wazi kwa anayezijua: maji yaliyokuwa meupe yanageuka rangi ya chai ya maziwa, majani mabichi na vijiti vinaanza kuelea, mngurumo unakuwa mzito. Ukiona moja tu kati ya hizo, toka mtoni kwa upande ulioingilia, kisha panda juu. Usirudi kuchukua viatu. Usivuke. Kama umekwama upande wa pili, subiri. Mara nyingi maji hupungua baada ya saa chache.

Mawe yenye ukoga chini ya maporomoko hayafai kusimamia kwa ajili ya picha. Na maji ya kijito, hata yang'ae namna gani, yachemshe. Juu yako kuna wanyama, na sehemu nyingine mifugo na watu.

Makosa na adhabu

Akikutwa mtu ndani ya hifadhi bila kibali, au amekata mti, amechoma moto, amechimba mimea au amepiga kambi pasiporuhusiwa, askari humwandika jina, mahali, saa na kosa, na vifaa vilivyotumika vinaweza kushikiliwa. Sheria inaruhusu kosa kufifilishwa. Maana yake, mtuhumiwa anakiri kosa kwa maandishi kwa hiari yake, analipa kiasi anachopangiwa na afisa mwenye mamlaka, kwa namba ya kumbukumbu kama malipo mengine, na anapewa stakabadhi. Shauri linaishia hapo. Asiyekiri hupelekwa mahakamani, ambako adhabu yaweza kuwa faini, kifungo au vyote viwili. Hakuna kufifilisha kwa mdomo kando ya njia. Anayekuomba "tumalizane hapa" anafanya kosa, na wewe ukimpa umefanya kosa jingine.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli zinazoharibu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Kuosha pikipiki mtoni kumo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na kukutwa nayo tu ni faini ya kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote. Bado tunaokota mifuko ukingoni mwa ziwa, imefungwa fundo, ina mifupa ya kuku ndani. Inauma. Droni nayo inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga; kibali cha msitu hakitoshi.

Chakula unachomwachia nyani au mbega si hisani. Mlima Rungwe ni nyumba ya kipunji, tumbili ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 2003 na kumtangaza 2005, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walimjua zamani. Duniani anaishi Tanzania peke yake, hapa katika misitu ya Rungwe na Kitulo na kule Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa. Tumbili akizoea mikate ya binadamu hufuata mashamba, na mashambani huuawa.

Kwa shule na vyuo: barua ya maombi ifike ofisi ya hifadhi siku kadhaa kabla, ikiwa na idadi ya wanafunzi, majina na simu za walimu wasimamizi, na saa mnayotarajia kufika. Kundi kubwa hugawanywa, kila sehemu na mwongoza wageni wake, na mwalimu mmoja hutembea nyuma kabisa. Kila mtoto awe na koti la mvua na viatu vya kufunga, si kandambili. Dharura ikitokea, piga 112, au 114 kwa Zimamoto na Uokoaji, utaje jina la njia na alama ya mwisho mliyopita. Mitandao hukatika bondeni, kwa hiyo anayepiga simu apande ukingoni, na mwenzake abaki na majeruhi.