Mama, usijifunge mto tumboni

Haupiti mwaka kabla mama fulani hajafunga mlango wa ofisi yangu, akashusha sauti, akaniuliza kama mtoto wa kuasili, yaani wa kumchukua kisheria awe wake, anaweza kupatikana mwezi wa nane hivi, maana nyumbani ashawaambia ana mimba. Simcheki. Nimefanya kazi ya ustawi wa watoto hapa Mombasa miaka mingi, najua mama mkwe anayehesabu miezi anavyotisha. Lakini mahakama haifuati kalenda ya tumbo la mtu.

Sheria ya Watoto ya 2022 inataka uwe umetimiza miaka 25, usiwe umepita 65, na umzidi mtoto kwa angalau miaka 21. Mtoto naye awe na wiki sita au zaidi, shirika lililosajiliwa liwe limethibitisha anaweza kuasiliwa, na kama aliokotwa polisi waandike OB (kitabu cha matukio cha kituo) halafu baadaye watoe barua ingine kwamba hakuna aliyejitokeza. Kisha mnakaa naye miezi mitatu mfululizo ndio mwende Mahakama Kuu, na hapo katikati mimi naja kuangalia analala wapi, nani hubaki naye ukienda kazi, majirani wanamwitaje. Hapo kwa majirani ndio siri nyingi hupasukia.

Na hata isipopasuka, utailinda mpaka lini? Nilimjua kijana wa miaka 17 aliyeambiwa na binamu yake kwenye matanga, watu wakigombania shamba, eti "wewe huku si kwenu". Kisheria binamu alikuwa amepotea kabisa, amri ya mahakama ikishatoka huyo ni mwana wako kama uliyemzaa, anarithi kama wenzake. Lakini kijana hata shamba hakuliulizia. Aliuliza ni nani wengine walikuwa wanajua.

Kwa hivyo mimi huwaambia wazazi waanze kumwambia ukweli mtoto akiwa hajajua hata kuongea, unamuogesha huku unamsimulia siku mliyoenda kumchukua. Ukikosea maneno hakuna anayekusikia, unafanya mazoezi tu! Kuna mama alisimulia mpaka mtoto akawa anamkosoa, "soksi ilikuwa ya njano, si nyekundu". Kwenye miaka saba, nane hivi, swali zito linakuja: kwa nini aliyenizaa aliniacha? Usimtukane huyo mama wala usimtungie hadithi tamu, mwambie unachokijua, na kama hujui sema sijui.

Waislamu wengi huku pwani huja wakitaka kafala, yaani kumlea mtoto kwa utaratibu wa Kiislamu, na sheria ya 2022 inaitambua. Mtoto anabaki na jina la ukoo wake na haingii kwenye mirathi, ila unaweza kumpa zawadi ukiwa hai au kumwandikia wasia usiozidi theluthi ya mali. Wengine huona ni kama nusu ya kuasili, mimi sioni hivyo, hao wazazi naona wana raha zaidi kwa hili jambo la kusema ukweli kwa sababu jina lenyewe lishasema.

Yule wa mwezi wa nane mwishowe alimwambia mkwewe. Bibi alinyamaza wiki mbili, kisha akatokea na leso mbili akauliza mtoto ataitwa nani. Sasa ugomvi wao ni kuhusu nani amchukue shuleni.