Droni yenye vihisi nayo hugonga

Dhana: droni yenye vihisi haiwezi kugonga kitu.

Vihisi vya droni nyingi ndogo ni kamera mbilimbili zinazolinganisha picha ili kukadiria umbali, kwa hiyo zinahitaji mwanga. Kioo, maji yaliyotulia na ukuta mweupe mtupu huzichanganya. Waya wa umeme au tawi jembamba mara nyingi hazilioni kabisa. Fikiria mpiga video wa harusi anayeipeleka droni kwa ubavu, sambamba na msafara wa bibi harusi: giza linaingia, nyaya zimekatiza barabara, na droni nyingi za bei nafuu hazina kihisi cha pembeni. Akiwasha Sport, hali ya mwendo wa kasi kwenye droni za kampuni ya DJI, ili aendane na magari, ukwepaji huzimwa, tena wakati kasi iko juu kuliko kawaida. Wengi wanaorusha juu ya watu hawalijui hili, na linanitia hofu.

Dhana: ndege ikija, droni itaikwepa yenyewe.

Helikopta inayokwenda kilomita 200 kwa saa hukata takriban mita 55 kila sekunde. Kihisi kinachoona mita 40 hakina hata sekunde moja ya kufanya lolote. Tarehe 21 Septemba 2017, droni ya DJI aina ya Phantom 4 iligongana na helikopta ya Black Hawk ya jeshi la Marekani karibu na Staten Island, New York. Mrushaji alikuwa umbali wa kilomita 4 hivi, akitegemea skrini. Helikopta ilitua salama, lakini panga lake la rafadha lilibonyea, na mota ya droni ilikutwa imenasa ndani ya helikopta.

Dhana: AirSense, kifaa cha tahadhari ya ndege kwenye droni za DJI, inatosha.

Hicho ni kipokezi tu. Hunasa mawimbi ya ADS-B, yanayotangaza ndege iko wapi, kutoka ndege zinazoyarusha, kisha humwonya mrushaji. Ndege isiyoyarusha haitaonekana kwenye skrini, na hata ikionekana, kazi ya kukwepa ni yako.

Kampuni ya Zipline, waliopeleka damu hospitalini Rwanda kwa droni tangu 2016, wametengeneza mfumo wa maikrofoni zinazosikiliza ndege nyingine pande zote, na droni hubadili njia yenyewe. Droni za dukani hazina kitu hicho. Ukiwa nayo, usiiache ipotee machoni pako, na masikio yawe wazi. Ukisikia muungurumo, ishushe kwanza. Ndege iko wapi utaitafuta baadaye.